Mashairi ya Kamau Brathwaite Yanadai Sauti

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki dunia Mei 28, 2025, habari moja ya zamani imerudi midomoni mwa wapenzi wa fasihi Afrika Mashariki. Ni habari ya mshairi wa Barbados aliyezaliwa akaitwa Lawson Edward Brathwaite, akapewa jina la Kamau huko Limuru, kwa kina Ngũgĩ, mwaka 1971 alipokuwa mgeni wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Habari hiyo ni ya kweli, na ina haki ya kusimuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba tunaishia kwenye jina. Tunaona fahari kwamba mtu mkubwa wa ng'ambo alilibeba jina la kwetu mpaka kufa kwake, tunasambaza picha yake yenye kofia ya kufuma, basi. Hata zinapofanyika hafla za kumkumbuka, huko Karibiani, Uingereza au Marekani, ratiba mara nyingi ni ileile: wasomi wanatoa mada, wakuu wanatoa salamu, na katikati mtu mmoja anaitwa asome shairi ili hadhira ipumue kidogo. Naona ratiba hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Kwa mshairi huyu, kulitamka na kuliigiza shairi mbele ya watu ndiko kumuenzi kwenyewe, na mihadhara ndiyo inayopaswa kusindikiza.

Ili hoja hii isionekane ni ushabiki, tuanze na maisha yake. Brathwaite alizaliwa Bridgetown Mei 11, 1930, akasoma Harrison College, kisha akaenda Pembroke College, Cambridge, kusomea historia. Mwaka 1955 alikwenda Gold Coast kufanya kazi ya ofisa wa elimu na akakaa huko hadi 1962, hivyo alikuwapo nchi ile ilipojitawala mwaka 1957 na kuitwa Ghana. Kule hakuwa mwandishi wa kujifungia chumbani. Aliwafanyia kazi watoto na vijana wa shule, akawatungia michezo ya kuigiza. Odale's Choice, igizo lililochota kisa cha Antigone wa Wagiriki, lilichezwa kwanza na wanafunzi wa sekondari nchini Ghana mwaka 1962. Aliporudi visiwani alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha West Indies, tawi la Mona, Jamaica. Mwaka 1966, akiwa London, aliungana na waandishi John La Rose na Andrew Salkey kuanzisha Caribbean Artists Movement, chama cha wasanii wa Karibiani. Hapo vikafuatana vitabu vitatu vilivyomjengea jina: Rights of Passage mwaka 1967, Masks mwaka 1968 na Islands mwaka 1969, ambavyo mwaka 1973 viliunganishwa kuwa The Arrivants. Wasifu wake mwingi unasimama hapo. Ni nadra utajwe usiku ule wa mwaka 1967 katika ukumbi wa Jeannetta Cochrane Theatre, London, alipokisoma Rights of Passage chote, mwanzo hadi mwisho, mbele ya hadhira. Vitabu vyote vitatu alivisoma pia kwa sauti yake mwenyewe, kampuni ya Argo ikavitoa kwenye sahani za santuri. Usomaji ule na sahani zile ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo kurasa.

Mwaka 1979 alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa kitabu mwaka 1984 kwa jina la History of the Voice. Humo ndimo alimoeleza kwa nini sauti ni jambo la kufa na kupona kwa watu wake. Mtoto wa visiwani alisomeshwa kwa vitabu vya Uingereza hadi akaweza kuandika kwenye insha yake kwamba theluji ilikuwa inaanguka juu ya mashamba ya miwa, ilhali theluji hajapata kuiona. Mizani ya silabi kumi iliyotawala ushairi wa Kiingereza tangu enzi za Chaucer ilimfunga mshairi wa Karibiani kwa namna hiyohiyo, kwa sababu imebeba mwendo wa maisha mengine na hali ya hewa nyingine. Kimbunga, alisema, hakingurumi kwa mizani hiyo. Alichokitafuta ni ushairi wa kile alichokiita lugha ya taifa, yaani Kiingereza kama kinavyosemwa na watu wa visiwani wenyewe, chenye mapigo na pumzi za wale waliovushwa bahari kutoka Afrika. Lugha hiyo, kwa maelezo yake, hukamilika pale msemaji anapokuwa na wasikilizaji, na kelele zake ni sehemu ya maana. Ukiondoa kelele umepunguza maana, sawasawa na kuondoa maneno. Mhadhara wenyewe aliuendesha akiwa na kinasa sauti, akiwachezea wasikilizaji wake rekodi, kwa kuwa hoja ile haikuweza kuthibitishwa kwa karatasi peke yake.

Ndani ya mhadhara huo kuna ungamo ambalo watetezi wa maandishi wanapaswa kulitafakari. Brathwaite anasema kilichowafungua washairi wa kizazi chake kilikuwa sauti ya mshairi T. S. Eliot iliyorekodiwa, ambayo waliisikia kwenye sahani zilizokuwa mali ya British Council kule Barbados. Anasisitiza kwamba kilichowaamsha ni sauti ile kavu ya mazungumzo, na si maandishi ya mashairi. Anamtaja vilevile John Arlott, mtangazaji wa kriketi wa redio, aliyetangaza kwa lafudhi yake ya Hampshire wakati redio ya Uingereza ilikuwa na matamshi mamoja tu ya kibwana. Vijana wa Barbados walimsikia Mwingereza akisema kama watu wa kwao wanavyosema, wakatambua kwamba nao wangeweza. Mapinduzi ya ushairi wa Karibiani, kwa ushuhuda wa mwanamapinduzi mwenyewe, yaliingilia sikioni.

Tazama sasa mashairi. "Negus," lililomo katika Islands, linaanza kwa neno moja dogo la Kiingereza, "it," linalorudiwa na kurudiwa kabla sentensi haijapata njia ya kutoka. Anayelipitia kwa macho hudhani mchapaji kakosea, au mshairi anacheza. Mpe mghani alitamke na mambo mawili yatatokea kwa pamoja: utasikia kigugumizi cha mtu ambaye kinywa chake kilizibwa kwa karne kadhaa, na utasikia kijiti kikigonga ngoma, kikitafuta mwendo. Mwendo ukishapatikana, shairi linaanza kutamka madai yake, moja baada ya jingine, kila moja likisema kwamba hiki hakitoshi, na kile hakitoshi, hata kuwa huru na rangi za bendera ya mkoloni hakutoshi. Kigugumizi kimegeuka hukumu. Nimelisoma shairi hili kimya na nimelisikia likitamkwa, na ninaamini kwa dhati kwamba ukurasa peke yake hauwezi kuyafikisha mageuzi hayo. Au chukua "The Dust" ya Rights of Passage. Ni wanawake dukani: wanasalimiana, wanaulizana hali, wananunua, kisha mazungumzo yanaingia kwenye vumbi la volkano ya kisiwa kingine lililowahi kufunika anga na mashamba yao, na polepole porojo za dukani zinakuwa swali zito juu ya Mungu na maana ya maafa. Hakuna msimulizi wa kukuelekeza nani anasema. Ni sauti tupu zinazopokezana, na maandishi yanasubiri waigizaji. Aprili 2021, miezi 14 baada ya mshairi kufa, volkano ya La Soufrière ya Saint Vincent ililipuka na majivu yake yakaifunika Barbados. Wananchi walifagia mapaa wakiuliza maswali yale wanawake wa dukani walikuwa wamekwisha kuyauliza.

Msomaji wa Kiswahili yuko karibu sana na jambo hili, na pia ni rahisi kwake kulikosea. Kwetu tenzi zilighaniwa, na mpaka leo utenzi usio na mghani ni kama chakula kisichopakuliwa. Lakini kwetu sauti na arudhi, yaani kanuni za utungaji, vilikwenda pamoja. Kaluta Amri Abedi alipotoa kanuni zake za utungaji mwaka 1954, vina na mizani vilihesabiwa kuwa ndivyo vinavyolifanya shairi liimbike, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata kanuni hizo, lawama kubwa aliyotupiwa ilikuwa kwamba tungo zake haziimbiki. (Kezilahabi alifariki Januari 9, 2020, na Brathwaite Februari 4 mwaka uleule. Fasihi ilipoteza wavunja mizani wawili katika muda usiotimia mwezi.) Kwa hiyo mmoja wetu akifungua kitabu cha Brathwaite na kuona mistari iliyokatwakatwa, mingine ya silabi moja, huona kwa desturi kwamba huo ni ushairi wa macho. Hali ya visiwani ilikuwa kinyume. Kule mizani ya kurithi ndiyo iliyokuwa ya kitabuni na ya darasani, na sauti ya watu ilikuwa nje yake: kwenye kalipso, kwenye mahubiri ya makanisa ya wanyonge, kwenye jazi, kwenye ngoma. Brathwaite aliikata mistari ili sauti hizo zipate mlango wa kuingilia. Mwanafunzi anayefundishwa kuhesabu silabi zake bila kuzitamka anafundishwa shairi jingine.

Wako wanaopinga, na hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote inasema kwamba kupeleka mashairi jukwaani ni kuyashusha: mshairi aliyeshinda tuzo ya Neustadt mwaka 1994 na ya Griffin mwaka 2006, aliyefundisha New York University, makao yake halali ni maktaba, na ngoma na mavazi vitamfanya kiburudisho. Hoja hii inachukulia kwamba uzito umo kwenye karatasi na wepesi umo kwenye mwili, dhana ileile ambayo Brathwaite alitumia maisha yake yote kuipinga. Inachukulia pia kwamba karatasi ndiyo mlinzi salama. Septemba 1988 Kimbunga Gilbert kiliipiga Jamaica, na nyumba yake ya Irish Town, milimani juu ya Kingston, ikavamiwa na maji na matope pamoja na maktaba na hati alizokusanya kwa miaka mingi, miongoni mwake rekodi za sauti za wasanii wa Karibiani. Ilikuwa moja ya hazina kubwa za fasihi ya eneo lile, na sehemu yake kubwa haikuokoka. Sisemi maktaba zisijengwe. Zijengwe, tena mahali pa juu na pakavu. Lakini yeyote aliyesoma kuhusu siku zile hawezi kusema kwamba shairi lililokaririwa na watu hamsini katika miji kumi liko hatarini zaidi kuliko shairi lililomo ndani ya sanduku.

Hoja ya pili ina nguvu, nami siwezi kuipuuza. Baada ya mkewe Doris kufariki mwaka 1986 na kimbunga kile kupita, Brathwaite aligeukia kompyuta na kubuni alichokiita Sycorax video style, akichukua jina la Sycorax, mama wa mtumwa Caliban katika tamthilia ya Shakespeare, The Tempest. Herufi zinakua na kusinyaa, fonti zinabadilika katikati ya neno, kurasa nyingine zinafanana na ukuta uliochorwa. Wapinzani wanauliza: mdomo utaitamkaje herufi yenye ukubwa wa nusu ukurasa? Ni swali la haki, na zipo kurasa ambazo mghani hodari kuliko wote atazipunguza. Kwa kazi za namna hiyo ningetaka ukurasa uangazwe ukutani nyuma ya mghani, hadhira ione na isikie kwa wakati mmoja. Hata hivyo mtindo wenyewe unashuhudia upande wangu zaidi kuliko wao. Herufi kubwa zinapaza sauti, ndogo zinanong'ona, nafasi nyeupe ni pumzi. Alikuwa akiulazimisha ukurasa usemeke. Na mwaka 2001 alipotoa Ancestors, alivichukua vitabu vyake vya zamani, Mother Poem, Sun Poem na X/Self, akavitengeneza upya kwa mtindo huo. Mwandishi anayerudia vitabu vilivyokwisha kuchapishwa na kusifiwa, akabadilisha mwendo wake, anavichukulia kama mghani anavyoichukulia hadithi yake: kila anaposimama kuitoa, ni mara mpya.

Hoja ya tatu inatoka Karibiani kwenyewe, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Inauliza ni nani mwenye haki ya kuyasema maneno haya. "Rites," shairi la kriketi lililomo katika Islands, linasimuliwa na mtu anayeupiga soga mchezo uliochezwa uwanja wa Kensington Oval, Bridgetown. Anamsimulia Clyde Walcott, mchezaji wa Barbados, akiwatandika Waingereza na umati ukipagawa, kisha anawageukia watu wake na kuwasuta: mambo yakiwa mazuri hatushikiki, yakiharibika hutampata wa kusimama imara. Uchungu wa shairi umo katika lafudhi. Mwigizaji wa London au Nairobi akiigiza lafudhi ya Barbados ili watu wacheke, amemdhihaki msimulizi na mtunzi wote wawili. Nakubali kabisa. Ila sikubali hitimisho kwamba kwa sababu hiyo wageni wakae kimya. Brathwaite mwenyewe, mwanahistoria wa Cambridge, hakuwa yule mpiga soga. Alimsikiliza mpaka akaweza kumsemea bila kumcheka. Na alipoandika Masks, kitabu chenye shairi la kuchonga ngoma kutoka ngozi ya mbuzi hadi vijiti, na shairi la "Atumpan" ambalo linaweka maneno ya mpiga ngoma ya Kiakani, lugha ya Ghana, juu ya ukurasa wa Kiingereza, alikuwa ameishi Ghana miaka saba akijifunza. Kipimo alichojiwekea ndicho tuwawekee wengine: haki ya kusema sauti ya watu wengine hupatikana kwa kazi ndefu ya kuisikiliza. Kikundi kinachotaka kutoa "Atumpan" bila kumtafuta mpiga ngoma wa Kiakani akakifundisha, kiache.

Linabaki suala la rekodi zake. Katika hafla nyingi njia rahisi ni kuweka sauti ya marehemu, watu wakasimama wakasikiliza kwa unyenyekevu. Sauti ile ni nzuri ajabu, na vijana wanapaswa kuijua. Lakini ikigeuzwa kuwa ndiyo njia pekee sahihi, itawafunga midomo wanaokuja, na itapingana na namna yeye mwenyewe alivyoitumia sauti ya Eliot. Aliisikia, akajifunza kwamba mazungumzo ya kawaida yanaweza kuwa shairi, kisha akaenda kutafuta mazungumzo ya kwao. Hakuiga. Wanaomuenzi nao wana deni la kumsikiliza kwa makini na kisha kusema kwa pumzi zao.

Namna ya kutamka ina umuhimu, lakini uchaguzi wa mashairi una umuhimu zaidi, na hapa ndipo naona hatari kubwa. "Limbo," lenye kiitikio chepesi na ngoma ya kupita chini ya kijiti, limefundishwa sana katika shule za Uingereza na hupendwa kwenye majukwaa. Ni shairi kali, kwa maana kijiti kile ni cha ndani ya tumbo la meli ya watumwa, ila mwandaaji asiye makini anaweza kulifanya dansi tu. "Negus" haliwezi kufanywa dansi. Novemba 30, 2021 Barbados ilimwondoa Malkia Elizabeth II kuwa mkuu wa nchi na kuwa jamhuri, tukio ambalo wengi, nami miongoni mwao, tulilifurahia. Shairi lililosema zaidi ya miaka 50 kabla kwamba kuachana na rangi za bendera hakutoshi linaihoji jamhuri hiyo kama lilivyouhoji uhuru wa mwaka 1966. Linahoji pia serikali zetu za Afrika Mashariki, ambazo zilishusha bendera ileile. Hafla inayomsifu Brathwaite huku ikiyakwepa mashairi ya namna hii inamtumia tu. Ningependa kuona shule na vikundi vinavyojiuliza kwanza, kabla ya kuchagua, ni shairi lipi litakalomfanya mgeni rasmi ajisogeze kitini.

Na kama kweli tunataka mashairi haya yatamkwe, kuna kazi ya kawaida isiyo na shangwe inayopaswa kufanywa. Oxford University Press ndiyo iliyochapisha vitabu vyake vya mwanzo vya mashairi, na kwa sheria ya Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, yaani hadi mwisho wa mwaka 2090. Haki hiyo ni halali na familia inastahili matunda yake. Lakini maana yake ni kwamba kwa kizazi kizima na zaidi, idhini ya kuigiza mbele ya hadhira itategemea barua, ada na subira. Jumba kubwa la maonyesho la London linamudu. Wanafunzi wa Kenya, ambao mashindano yao ya drama yamezalisha waghani wa mashairi ya kikundi hodari kuliko wengi ninaowajua, hawamudu. Mwalimu wao ataogopa tu na kuchagua kitu kingine. Ninachopendekeza ni kibali maalumu cha shule na vikundi vya kijamii, cha ada ndogo au bila ada, kitangazwe wazi na wenye haki pamoja na wachapishaji wao, na Chuo Kikuu cha West Indies, ambacho tawi lake la Cave Hill tayari lina mhadhara unaobeba jina la mshairi, kikubali kuwa mlango wa maombi. Kianze na Odale's Choice, kwa kuwa liliandikwa kwa ajili ya wanafunzi Waafrika na linahusu hasa jambo hili la kumheshimu aliyekufa: binti anayetaka kumzika kaka yake, anayekataa msamaha wa mfalme kwa sababu msamaha huo unamwacha maiti juani. Igizo hilo si refu, halihitaji jukwaa la gharama, na halina sababu ya kulala rafuni. Shule ya Kisumu au ya Tanga inayotaka kuliigiza ijue barua iipeleke kwa nani, ilipe inachokimudu, na ijibiwe kabla muhula haujaisha.